Msalaba Ndani ya Sifuri

Aline, mwanangu,

Jina nililokuita siku nilipokumwagia maji halikuwa Aline. Hakuna anayelijua. Mama yako halijui, padri halijui, na Koko Marita, aliyekuwa hatua tatu tu kutoka kwetu, hakulisikia, kwa kuwa masikio yake ni mazito na sauti yangu ni ndogo. Nitakuandikia hapa chini. Sasa hivi bado siwezi. Kwanza ujue ni nani anayekuita mwanangu, maana nina miaka kumi na nane, sijazaa, na kesho asubuhi mama yako aliyekuzaa atakufunga mgongoni kwa kikwembe na kupanda nawe meli ya Bukavu.

Una miezi minne. Umelala juu ya mapaja yangu na karatasi nimeiweka pembeni ya kichwa chako, juu ya kaye, daftari la shirika, kwa hiyo ukijitikisa mstari unapinda. Mama yako anafunga vyombo ndani. Jua bado liko. Sitaki kukuandikia mambo ya kuoga, kula na kuogopa barabara, hayo anayajua yeye. Mimi nakuandikia nilipokosea, kwa sababu makosa yangu yalikugusa kabla hujaota jino.

Mimi ni karani wa shirika letu. Shirika ni nyumba kama ishirini za Wakatoliki wa mtaa huu. Kila Jumatano saa kumi tunasali pamoja, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Walinichagua kwa sababu ya mwandiko mzuri, na nadhani pia kwa sababu sikuweza kukataa. Nilikuwa darasa la mwisho, sasa nimemaliza. Kazi yangu ni kuandika waliokuja. Aliyekuja namwekea msalaba mdogo. Asiyekuja, sifuri. Mwenye sababu inayojulikana namwekea herufi R, yaani ruhusa. Hiyo kaye ina nguvu kuliko unavyofikiri. Ukitaka mtoto abatizwe, ukitaka ndoa, hata ukifa na watu wako wakitaka misa, parokia inauliza karatasi ya shirika, na prezida wa shirika hasaini karatasi kabla hajaifungua kaye.

Mama yako, ambaye tunamwita Mama Feza kwa jina lake mwenyewe, alifika kwenye parsele yetu, kiwanja chetu cha vyumba vya kupanga, na wewe ukiwa na wiki tatu. Alitoka kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya ilipovunjwa, na kitu alichokuja nacho ni wewe, sufuria mbili na rozari ya plastiki ya bluu. Alipanga chumba cha mbao karibu na cha Koko Marita. Jumatano ya kwanza alikuja kwenye sala, akaandikisha jina. Jumatano iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine.

Nilijua sababu tangu siku ile ya pili. Nilikuwa nimesahau biki, kalamu yangu, nyumbani, nikarudi mbio. Parsele ilikuwa tupu, wote wako kwenye sala. Katikati ya uwanja, juu ya mkeka, nilimkuta Koko Marita bila nguo, na mama yako amepiga magoti akimwosha mgongo.

Inabidi nikueleze Koko Marita. Ni bibi mzee ambaye miguu yake imekufa. Zamani alikuwa kwenye shirika, akagombana na wote, akawaambia wana midomo ya malaika na mikono ya paka. Hakuna aliyemfukuza, ila hakuna aliyemwita tena. Chumba chake ni kidogo mno, huwezi kumwogeshea ndani, lazima abebwe nje. Na yeye alikataa kabisa kubebwa nje mbele ya watu. Alikaa hivyo wiki nyingi. Harufu ilipita kwenye mbao, sisi tukawa tunapita upande mwingine wa ukuta wa mawe na kufanya ishara ya msalaba. Mama yako ndiye aliyemuuliza, "Koko, saa gani hapa hakuna watu?" Koko akamjibu, "Saa ya shirika. Ile saa bote banaenda kuambia Mungu namna banapenda maskini."

Basi ndiyo hivyo. Saa ile ile tuliyokuwa tunasali ndiyo saa pekee ya kumwosha.

Mama yako aliponiona aliweka kidole chenye povu la sabuni kwenye mdomo. Koko naye akanifokea: "Weye wa mwandiko! Uko naangalia nini? Ya kwako utakuwa nayo, usiogope!" Nikachukua biki na kukimbia.

Nilipofika kwenye sala, Papa Deo alikuwa anafungua kaye. Papa Deo ndiye prezida, mwalimu wa zamani, mtu wa haki, ila anapenda mistari iliyonyooka. Aliniuliza mbele ya wote, "Mama Feza?" Ningeweza kusema, "Ana ruhusa." Maneno mawili. Angeniuliza, "Ruhusa ya nini?" na mimi ningejibu, "Niulize baadaye, Papa." Hilo tu. Wasingejua chochote juu ya mwili wa Koko. Lakini nyuso ishirini zilikuwa zimenigeukia. Nikaandika sifuri.

Sifuri zilikuwa kumi na moja, Aline, kumi kati yake kwa mkono wangu. Moja kila Jumatano. Sifuri ya kwanza ilinichoma, ya tatu ilinikera, ya tano niliichora vizuri, mviringo kamili. Ndilo linalonishangaza hadi leo, jinsi mkono unavyozoea. Jumapili nilipokea komunyo kwa ulimi ule ule uliokuwa umenyamaza Jumatano, na sikuhisi chochote. Nilidhani mimi ni Mkatoliki mzuri kwa sababu sikosi misa, situkani, nafunga Ijumaa. Nilipokwenda kitubio nilimwambia padri kwamba nilimjibu mama vibaya na nilikula sukari kwa siri. Sifuri sikuzitaja. Sikuwa nikizificha. Sikuziona tu kama dhambi, kwa sababu zilikuwa kazi ya kanisa.

Sasa nikuambie siku ya maji.

Ilikuwa moja ya Jumatano hizo, ya sita. Tumbo liliniuma, nikamtuma mwenzangu na kaye, nikalala. Nje nilisikia mama yako amembeba Koko, amemlaza mkekani, anamimina maji kutoka kwenye bido, dumu letu la maji. Halafu nikasikia akiita jina lako kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Homa ilikuwa imekupanda tangu asubuhi, na wewe ulianza kutetemeka mwili mzima. Nilipotoka akakutupa mikononi mwangu, hakukupa, alikutupa, na kusema, "Shika! Naenda tafuta motari!" Akakimbia bila viatu juu ya mawe ya lava.

Ukaacha kutetemeka. Nilifikiri ni vizuri. Kisha nikaona kuwa shingo yako haishiki kichwa, midomo imekuwa rangi ya majivu, na kifua hakipandi.

Nilisimama tu. Nataka ujue hilo. Sikufanya chochote. Nilikuangalia kama ninavyoangalia mambo yote.

"We binti!" Koko Marita alikuwa ameketi kwenye mkeka, amefunikwa kikwembe kiunoni, nusu ana sabuni. "Mutoto iko nakufa na weye uko nasimama kama nguzo ya umeme! Benye kukufundisha katekisimu balikufundisha nini?"

"Koko, mi siko padri."

"Na mi siko dokta! Maji ile pale! Mubatize!"

Tulifundishwa, ni kweli. Mtu akiwa anakufa, yeyote anaweza. Nilipata maksi zote kwenye swali hilo. Kumbe jibu lilikuwa na uzito, na lilikuwa mikononi mwangu linapoa. Nikapiga magoti karibu na beseni la Koko. Nikachota kwa kikombe cha bati maji yale yaliyopashwa kwa ajili ya mgongo wake.

"Sema kwa sauti!" Koko akapiga kelele. "Mungu atakusikia namna gani na kasauti ka panya?"

Nikamimina mara tatu, nikasema maneno. Niliyasema kwa mnong'ono, Koko aliona midomo tu. Na pale jina linapokaa, likatoka jina ambalo sikulichagua. Jina lako nililijua, nilikuita Aline kila siku. Lakini lililotoka lilikuwa lingine, nami nililisikia kama limesemwa na mtu aliyesimama nyuma yangu.

Ukavuta pumzi. Ukalia, kilio kibaya, kikavu, cha kuku. Mama yako akaingia na motari, mwenye pikipiki, akakunyakua na kuondoka kwenda kituo cha afya. Ilikuwa malaria. Walikulaza siku nne, ukarudi umekonda na una hasira.

Sikusema ni maji yaliyokuponya. Pengine ungevuta pumzi hata hivyo. Nilijua tu kwamba nilifanya jambo kubwa kuliko mimi, na nikaogopa. Nilijiuliza kama padri ataniambia nimechezea sakramenti. Nikamwomba Koko asiseme. Akacheka mpaka akakohoa: "Padri mudogo! Hata muzimu yangu nitaiambia." Lakini hakusema.

Jioni ile niliporudishiwa kaye nikafungua. Kwangu mwenzangu alikuwa ameweka R, kwa sababu ya tumbo. Kwa mama yako, sifuri. Nikaifunga kaye. Niliifunga tu, Aline, na Jumatano iliyofuata nikaandika ya saba.

Wiki iliyopita mama yako alikuja kwenye sala mwenyewe. Alikuwa amekubeba, umevaa kofia nyeupe. Alitaka karatasi ili ubatizwe. Siku ile Koko hakuogeshwa. Papa Deo akanipokonya kaye kwa upole na kusoma mwandiko wangu kwa sauti: "Sifuri. Sifuri. Sifuri..." Akaenda mpaka kumi na moja. Sijawahi kuogopa mwandiko wangu. Kila sifuri ilikuwa mviringo kamili, niliziona hata nilipofumba macho.

"Mama Feza, mi sina mubaya na weye," Papa Deo akasema. "Fanya kwanza miezi tatu ya kuja. Si mi nasema, ni kaye inasema."

"Kaye haina mudomo lakini inasema!" mama mmoja akatania, na watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama watu wanaotaka kwenda nyumbani.

Mama yako angeweza kusema, "Nilikuwa namwosha Marita." Hakusema. Hakuutoa mwili wa yule mzee nje mbele ya watu hata ili apate karatasi yako. Aliniangalia mimi. Mimi nikaangalia biki.

"Ni sawa, Papa Deo," akasema. "Kaye imesema."

Kesho yake akampigia kaka yake wa Bukavu, yule ambaye amekuwa akimwita muda mrefu. Alikata tiketi. Nilimkuta anakunja nguo zako, nikamuuliza kama utabatizwa huko. Akanijibu bila kugeuka: "Noella, mi nishaomba mara moja. Mulango ukifungwa usoni, mutu mwenye akili hapige hodi tena." Ndipo nilipoelewa kinachoondoka. Si chumba tu. Alikuwa anaondoka akiamini Mungu amehesabu Jumatano zake na kumkuta hakuwepo. Na wewe ungekua ukiamini hivyo hivyo, na ni mimi niliyehesabu.

Sikulala vizuri, sitakudanganya. Nilisali, lakini sala yangu ilikuwa ya zamani: Ee Mungu, mtu mwingine aseme. Nimesali hivyo maisha yangu yote. Shuleni, mwenzangu alipopigwa kwa kosa ambalo nililiona si lake, nilisali hivyo. Nilipokuwa nasali safari hii nikaona aibu katikati ya Salamu Maria na sikuweza kuimaliza. Mtu mwingine hakuwepo. Aliyejua nilikuwa mimi na mzee mmoja asiyeweza kutembea.

Jana, Jumatano, nilikwenda kwanza kwa Koko. Siri ya mwili wake haikuwa yangu kuitoa.

"Koko, nikisema kwa shirika kwamba Mama Feza alikuwa anakuosha, utakasirika?"

Alivuta kikwembe chake mpaka shingoni. Kisha: "Bataanza kuja kuniona."

"Labda."

"Bataleta rozari."

"Labda na sabuni, Koko."

"Basi sema. Lakini sema pia ile saa yote nilikuwa nabatukana. Nisionekane mutakatifu."

Papa Deo alipofika kwenye jina la mama yako, niliinuka. Nikaiweka kaye chini. Nikasema, "Papa Deo, Mama Feza alikuwepo." Sauti ilikuwa ndogo. Akasema, "Wapi?" Nikasema yote. Mkeka, maji, saa ile ile, sifuri kumi na moja, na kwamba nilijua tangu mwanzo. Nikaongeza na matusi, maana niliahidi. Hakuna aliyecheka. Yule mama aliyetania wiki iliyopita alijifunika mdomo kwa kikwembe. Mimi nilikuwa nimeshtuka kuliko wote. Nilikuwa naisikiliza sauti yangu ikiendelea, nikingoja ikatike, nayo haikukatika.

"Juu ya nini haukuandika hata R?" Papa Deo akauliza. Alikuwa amevua kofia.

"Niliogopa mutaniangalia."

Akavuta biki yangu, nikadhani atafuta. Akanirudishia. "Usifute," akasema. "Sifuri zibaki, ni zetu sisi wote. Weka msalaba ndani ya kila moja." Nikaweka, kumi na moja, na hakuna aliyeondoka hadi nilipomaliza.

Kisha nikawaambia habari ya maji. Mama mmoja akapiga kelele, "Eh! Mutoto ameshabatizwa?" Papa Deo akamjibu, "Kesho tutamuuliza padri."

Jana hiyo hiyo nilikwenda kwa mama yako kabla hajasikia kwa wengine. Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni.

"Kila Jumatano ulikuwa unajua?" akauliza.

"Nilikuwa najua."

"Mara kumi na moja?"

"Kumi na moja."

"Na maji, ulimwagia mutoto yangu na haukuniambia?"

Alitazama ukuta. Nilitaka anitukane, ingekuwa rahisi. Badala yake akakutoa mgongoni, akakuweka mikononi mwangu na kusema, "Mushike, nipange vyombo." Hakusema amenisamehe, na mimi sikuuliza. Aliniachia wewe, mikono ile ile.

Leo asubuhi tulikwenda parokia, mama yako, Papa Deo na mimi. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Padri aliuliza mambo mawili: "Ulimwaga maji kichwani kwake?" Ndiyo. "Ulisema nini?" Nikasema maneno kuanzia "nakubatiza", na safari hii yalisikika. Alifungua kitabu kikubwa. "Basi mtoto huyu ni wa Kanisa tangu siku ile," akasema. "Habatizwi mara ya pili. Tunaandika tu." Aline, tangu siku ile! Ulipokuwa kwenye mgongo wa mama yako huku Papa Deo anasoma sifuri, mlango uliodhaniwa umefungwa ulikuwa umeshauvuka, na maji ya kumwogeshea mzee mwenye matusi ndiyo yaliyokupitisha. Nilikaa kwenye benchi.

Padri aliandika kwamba mimi ni mama yako wa ubatizo, kwa kuwa mama yako alisema hivyo kabla sijafungua mdomo. Kisha akamgeukia yeye, si mimi: "Jina?"

"Aline," mama yako akajibu. "Aline tu, Padri. Jina yangu musimuwekee hata mara moja. Jina yangu imekula sifuri ya kutosha." Akacheka kidogo, cheko la kwanza tangu wiki iliyopita, na Papa Deo akaangalia viatu vyake.

Na mimi nikanyamaza tena. Safari hii nimejipima sana, na naamini si unyamavu ule wa zamani. Padri hakuniuliza mimi, na jina si kitu kinachobatilisha ubatizo, hilo nalo nilipata maksi. Jina lako ni Aline, na ndilo lililo kitabuni.

Lakini siku ile, magoti yangu yakiwa ndani ya maji ya Koko, nilisema: *Feza, nakubatiza.* Nilikuwa nimeliandika jina hilo la mama yako wiki baada ya wiki na kulitilia sifuri, mkono ukalizoea, na ulipofika wakati wa kumwambia Mungu kwamba kuna mtu hapa, ndilo jina pekee mdomo wangu ulilokuwa nalo. Mimi nililiandika kuwa halipo. Yeye akalipokea.

Sikupi ushauri mwingi, maana bado najifunza huu mmoja. Ukikuta siku moja sala imekusanyika na mtu mmoja hayupo, usianze na biki. Rudi nyumbani umtafute, hata kama utajisingizia umesahau kitu. Na ukiwa na sauti ndogo kama yangu, itumie hivyo hivyo ilivyo.

Mama yako ameita, vyombo vimefungwa, anakutaka unyonye. Barua hii nitaikunja ndani ya kofia yako nyeupe, na nimemwomba akupe ukifanya komunyo ya kwanza. Amesema hataisoma, na yeye akisema jambo ndivyo linavyokuwa. Kwa hiyo aliye na jina hili ni mimi, ni wewe na ni Mungu. Mama yako hataki ulibebe, na ana haki. Usimwambie, Aline. Akikuita, itika kwa jina alilokupa. Hili lingine liweke kimya ndani yako, na siku akichoka na kudhani hakuna aliyemwona, kaa karibu naye na usimwambie chochote.

Mama yako wa ubatizo,
Noella